Pua Mbele, Mkia Nyuma: Kwa Nini Risasi Huyumba Hewani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa shabaha mlioketi mbele, na vijana wa fizikia mliojificha kule nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo wote.

Bunduki sikuja nayo. Nimekuja na vitu vitatu vinavyoenea kwenye mkoba huu: karatasi ya shabaha iliyotobolewa, mshale, na pia ya kuchezea watoto. Naanza na karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyonisukuma kusoma haya nitakayoyasema.

Itazameni. Nilipiga risasi kumi kwenye karatasi hii, umbali wa mita 50, kwa bunduki ndogo ya .22, yaani yenye mtutu wa kipenyo cha kama inchi 0.22. Matundu yako manane tu. Mawili hayapo, na mpaka leo sijui risasi zile zilikwenda wapi. Katika haya manane, matatu ni ya duara kama ipasavyo. Mawili yamevimba kama yai. Matatu yaliyobaki ni marefu: risasi imeingia ubavu, umbo lake zima likachapwa kwenye karatasi kuanzia pua hadi kitako. Walenga shabaha huliita tundu la ufunguo, na ukishaliona mara moja hulisahau.

Siku ile nilifanya anachofanya kila mlengaji. Kwanza nililaumu pumzi zangu. Kisha kidole. Kisha darubini, nikakaza skrubu ambazo tayari zilikuwa zimekazwa. Kisha nikalaumu upepo, na upepo haukuwepo. Nilipomwonyesha karatasi hii mtu aliyeniuzia bunduki, aliitupia jicho akasema mtutu umekwisha, nimpelekee anifungie mwingine. Mtutu wenyewe ulikuwa haujapitisha hata maboksi matano.

Tutarudi kwenye karatasi hii. Kabla ya hapo naomba tuligeuze swali lenyewe. Tumezoea kuuliza kwa nini risasi imeyumba, kana kwamba kutulia ni desturi yake na kuyumba ni ugonjwa uliompata njiani. Mimi naona kinyume. Risasi ndefu ikiachiwa hewa peke yake haitaki kwenda pua mbele, inataka kugeuka. Utulivu wake ni wa kukopa, na mkopeshaji ni mzunguko. Basi ukiona tundu la ufunguo, uliza: mkopo ulikuwa mdogo tangu mwanzo? Deni liliongezeka njiani? Au kuna aliyeudokoa?

Chukueni mshale huu. Chembe cha chuma kiko mbele, na huko ndiko uliko uzito. Manyoya yako nyuma, mepesi lakini mapana. Mshale ukipinda kidogo hewani, hewa inayashika manyoya na kuyarudisha nyuma ya chembe. Mahali ambapo kani ya hewa inasukumia pako nyuma ya kitovu cha uzito, kwa hiyo kila kosa dogo hujisahihisha. Hauhitaji kuzunguka ili unyooke.

Sasa risasi. Pua yake imechongoka, haina nyama. Uzito wake mwingi uko nyuma, karibu na kitako. Lakini hewa inampiga wapi? Puani. Kani ya hewa inasukumia mbele ya kitovu cha uzito. Pua ikiinuka hata nusu nyuzi, hewa inaingia chini yake na kuiinua zaidi; ikiinuka zaidi, hewa inapata pa kushika zaidi. Kila kosa linazaa kosa kubwa kuliko lenyewe. Kupiga risasi ndefu ni sawa na kurusha mshale manyoya mbele. Na ukiurusha hivyo kwa mkono utaona wenyewe unavyogeuka, unatafuta kwenda kwa upande ulio mzito.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Najua anachowaza: mbona gobore halikuwa na taabu hii? Kweli. Goroli ya gobore ni duara. Haina pua wala mkia, kwa hiyo hewa haina cha kupindua. Lakini goroli ilikuwa na maradhi yake. Ilitoka mtutuni ikisuguana na ukuta mmoja, ikapata mzunguko wa bahati nasibu, na mzunguko huo ukaipeleka pembeni. Mwingereza Benjamin Robins, katika miaka ya 1740, aliupinda mtutu kwa makusudi kuelekea kushoto, akatundika karatasi nyembamba moja nyuma ya nyingine. Kwenye karatasi za karibu goroli ilitoboa kushoto, kama mtutu ulivyoelekea. Kwenye za mbali ilikuwa imekwisha kata kona na kwenda kulia. Mzunguko uliozaliwa na ukuta wa mtutu ndio uliokuwa ukiivuta. Karne moja baadaye Mjerumani Gustav Magnus alilichunguza jambo hilohilo, na jina lililobaki vitabuni ni lake. Mkumbukeni huyu Magnus, atarudi.

Goroli ikaachwa kwa sababu inapoteza mwendo upesi. Ukitaka risasi ifike mbali ikiwa bado na kasi, uifanye nyembamba na ndefu, uzito mwingi nyuma ya uso mdogo. Mfaransa Claude-Étienne Minié alipoleta risasi yake ndefu mwaka 1849, majeshi yalilitupa gobore haraka. Lakini kila milimita ya urefu iliyoongezwa iliongeza hamu ya risasi ya kugeuka. Ndiyo maana mtutu wa bunduki yangu umechongwa mifereji iliyosokotwa: risasi inabanwa humo, na ikitoka inatoka ikizunguka.

Hapa ndipo pia inapoingia. (Neno hili lilinitesa utotoni. Nilisema “nataka pia”, mama akauliza, “pia na nini?”) Naizungusha juu ya meza. Isipozunguka inaanguka papo hapo, kwa kuwa imesimama kwa ncha na uzito wake uko juu. Ikizunguka, nikiisukuma kwa kidole haianguki kule nilikoisukuma. Kichwa chake kinakwenda pembeni, kinazunguka taratibu, kinachora duara. Nguvu ya kupindua ipo palepale, haijaondoka hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba pia imeigeuza nguvu ya kuangusha kuwa mwendo wa kuzungukazunguka. Risasi hufanya hivyohivyo. Hewa inainua pua, pua inakataa kuinuka, inakwenda pembeni, inachora duara. Juu ya duara hilo kubwa la polepole kuna jingine dogo la haraka, kama mtu anayetembea kuzunguka uwanja huku kichwa kinamtikisika. Mambo yakiwa mazuri, miduara yote miwili inafifia ndani ya mita mia moja au mbili za mwanzo, na risasi inatulia. Watoto husema pia imelala. Wapiga shabaha nao wanasema risasi imelala, na sijapata neno bora zaidi.

Wahandisi wana kipimo cha utulivu huu. Juu ya mstari unaweka nguvu ya mzunguko, ikizidishwa kwa yenyewe. Chini unaweka nguvu ya hewa ya kupindua. Jibu likizidi 1, risasi inashika njia. Likiwa chini ya 1, risasi inapinduka kama ile pia isiyozunguka. Likiwa 1.1 risasi itafika, lakini inafika imejikongoja, pua inacheza, mwendo umeliwa na hewa. Wenye busara wanataka 1.4 au 1.5, ili siku hali ya hewa ikibadilika kuwe na akiba.

Msokoto wa mifereji hutajwa kwa urefu ambao risasi inamaliza mzunguko mmoja. 1 kwa 12 maana yake inazunguka mara moja kila inchi 12 za mtutu. 1 kwa 7 ni msokoto mkali zaidi. Bunduki ya 1 kwa 7 inayotoa risasi kwa mita 930 kwa sekunde inaizungusha zaidi ya mara 5,200 kwa sekunde, yaani mizunguko zaidi ya laki tatu kwa dakika. Injini ya gari ikifika 6,000 tayari unaisikia inalalamika.

Sasa nifike pale ambapo watu wengi wanapotea, na nitakaa hapo kidogo. Utasikia kila mahali: “Risasi nzito inahitaji msokoto mkali.” Si kweli hasa. Kinachohitaji msokoto mkali ni urefu. Risasi nzito kwa kawaida ni ndefu, kwa kuwa kipenyo cha mtutu hakiongezeki; ndiyo sababu kosa hili linaishi miaka mingi bila kumuumbua anayelisema. Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, aliyekuwa akiwafundisha hesabu maofisa wa mizinga kule Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni fupi inayoenea nyuma ya bahasha. Chukua kipenyo cha risasi, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 150, halafu gawa kwa urefu wa risasi. Unapata urefu wa msokoto unaotosha. Kwa risasi zenye mwendo mkali watu huweka 180 mahali pa 150. Uzito hautajwi popote. Alichukulia tu kwamba risasi imetengenezwa kwa madini ya risasi.

Na hilo ndilo linalowanasa watu leo. Lugha yetu iliita kitu hiki risasi kwa sababu ya madini yake, na sasa kuna risasi zisizo na risasi ndani: shaba tupu, kutoka pua hadi kitako. Shaba ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba ina 8.9. Ukitaka risasi ya shaba yenye uzito uleule na kipenyo kilekile, lazima urefu uongezeke kwa zaidi ya robo. Mtu ananunua boksi, anaona graini (kipimo cha uzito wa risasi) zilezile alizozoea, anapakia kwenye bunduki ileile, na karatasi inatoka na matundu marefu. Uzito haukubadilika. Mkopo ukawa mdogo bila yeye kujua. Ncha ya plastiki nayo, ile inayofanya risasi ipendeze, inaongeza urefu bila kuongeza uzito wa maana.

Sasa karatasi yangu. Mtutu wa .22 kwa kawaida ni 1 kwa 16, kwa ajili ya risasi ya graini 40 yenye urefu wa karibu milimita 12. Weka kwenye kanuni ya Greenhill utapata inchi 16 na kitu kidogo, yaani kamili kabisa. Mimi nilikuwa nimenunua risasi za graini 60, za mwendo wa chini kuliko sauti, kwa sababu nilitaka utulivu wa masikio. Urefu wake ni kama milimita 17. Kanuni inasema zinataka inchi 11 hivi. Nilikuwa nazikopesha chini ya nusu ya mzunguko unaohesabika kwenye kipimo, maana mzunguko unaingia ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Mtutu ulikuwa mzima. Aliyechanganya mambo ni mimi.

Kijana mmoja nyuma atasema: si uongeze baruti? Risasi ikienda kasi itazunguka kasi. Ni kweli itazunguka kasi. Lakini hewa nayo itaipiga kwa nguvu zaidi, na nguvu ya hewa pia hukua kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Juu ya mstari umeongeza, chini ya mstari umeongeza vilevile, na jibu linabaki karibu palepale. Unapata nafuu ndogo tu. Msokoto mbaya hautibiwi kwa baruti.

Kutokana na hilo kuna tokeo moja linalowashangaza watu. Risasi ikishatoka, mwendo wake unapungua haraka kwa sababu hewa iko mbele yake. Mzunguko wake unapungua polepole, kwa kuwa hewa inamsugua tu ubavuni. Kwa hiyo kadiri inavyokwenda mbali, kipimo cha utulivu kinapanda. Sekunde yake ya hatari zaidi, kwa upande huu, ni ile anayoiacha midomo ya mtutu. Risasi yenye mzunguko mdogo itajionyesha mita 25, haitasubiri 600.

Na deni huweza kuongezeka bila mtu kugusa bunduki, kwa sababu hewa yenyewe haina uzito mmoja. Marekani ililijua hili kwa njia ya baridi. Bunduki ya AR-15, iliyokuja kuitwa M16, ilianza na msokoto wa 1 kwa 14 kwa risasi ya graini 55. Kwenye hewa ya kawaida ilipiga vizuri. Jeshi la Anga lilipoijaribu katika baridi kali ya nyuzi 54 chini ya sifuri, shabaha ikaharibika. Fanyeni hesabu: hewa ya baridi ile ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia 31, na nguvu ya kupindua hupanda kwa kiasi hichohicho. Mwaka 1963 msokoto ukabadilishwa kuwa 1 kwa 12. Gawa 14 kwa 12, zidisha kwa yenyewe: kipimo kilipanda kwa asilimia 36. Walilipa deni la baridi, ikabaki chenji kidogo. Napenda sana mfano huu, kwa sababu ni nadra kuona hesabu ya ubaoni na uamuzi wa serikali vikikutana kwa karibu namna hiyo.

Kinyume chake ni mlimani. Kwenye mita 3,000 hewa inabaki kama robo tatu ya ile ya pwani. Bunduki inayofaulu huko juu kwa kubahatisha inaweza kushindwa ikishuka ufukweni asubuhi ya baridi, na mwenyewe atasema darubini ilipigwa njiani.

Kuhusu M16 hiyohiyo kuna hadithi ambayo nimeisikia hata kwa watu wanaojua mambo mengine yote: kwamba iliundwa kwa msokoto mlegevu ili risasi ibiringike hewani na kuumiza zaidi. Hapana. Risasi inayobiringika hewani haipigi kitu. Tazameni karatasi yangu. Risasi ya M16 ilikuwa inaruka pua mbele. Kinachotokea ni kwamba ikiingia kwenye kitu chenye majimaji, uzito wa kinachoizunguka unakuwa karibu mara 800 wa hewa, na kipimo chake cha utulivu kinagawanywa kwa 800. Hakuna msokoto duniani unaoweza kulipa deni hilo. Hata 1 kwa 7 hauwezi.

Hiyo 1 kwa 7 nayo ilikuja kwa hesabu ya urefu. Mwaka 1980 NATO ilichagua risasi ya Kibelgiji, SS109, ya graini 62 na yenye kipande cha chuma ndani. Urefu wake ni karibu milimita 23, wakati ile ya graini 55 ina kama 19. Mtutu wa 1 kwa 12 ukaishindwa. Kwa risasi hiyo peke yake msokoto wa 1 kwa 9 ungetosha, lakini ilikuwa na mwenzake, risasi inayoacha mkia wa moto ili mpigaji aone inakokwenda, na hiyo ni ndefu zaidi kwa sababu imebeba dawa yake ya kuwaka kitakoni. M16A2 ikapewa 1 kwa 7 kwa ajili ya huyo mrefu, na wote wengine wakapanda gari lake.

Kuhusu wadokozi wa ule mkopo wa mzunguko nitapita haraka, maana mafundi mlio hapa mnawajua kuliko mimi. Mdomo wa mtutu ukigongwa ukapata pengo upande mmoja, gesi ya baruti inatangulia kutokea hapo na kumsukuma risasi kitako wakati ndiyo kwanza anatoka. Anaanza safari akiwa amepinda. Mifereji ikilika, risasi inateleza badala ya kuzungushwa. Madini laini ya risasi yasiyovishwa shaba yakisukumwa kwa kasi kubwa hukwanguka kwenye mifereji kama sabuni. Kizuia sauti kilichofungwa mshazari hukwaruzwa na risasi ikipita, na huyo usimkaribie kabisa. Kisha kuna mtego wa majina: bunduki mbili zote zinaitwa 7.62, lakini risasi ya moja ina kipenyo cha milimita 7.82 na ya nyingine 7.92. Sehemu ya kumi ya milimita. Mtu akijaza ganda la ile nene kwa kichwa cha ile nyembamba, mifereji inaweza isiishike sawasawa.

Nimeacha kisa cha mbali mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu kinavunja niliyosema. Nilisema kipimo kinapanda kadiri risasi inavyokwenda. Basi kwa nini risasi iliyolala vizuri mita 300, tundu la duara kabisa, ikifika mita 900 inachapa yai, au haifiki kwenye bango?

Sababu ni mlango wa sauti. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 15. Risasi inayoizidi sauti inatembea na wimbi la mshindo kama mashua inavyotembea na wimbi la omo. Mwanafizikia Peter Salcher, kwa kushirikiana na mwenzake Ernst Mach, alilipiga picha wimbi hilo mwaka 1886. Risasi ikichoka na kukaribia mwendo wa sauti, kuanzia kama mita 400 kwa sekunde hadi 270, mawimbi hayo yanahama. Mengine yanakaa kitakoni, mengine yanatambaa ubavuni, na mahali hewa inaposukumia panahama nayo. Hapo Magnus anarudi. Risasi inayozunguka huku imeinamisha pua kidogo inasukumwa pembeni na hewa, kama goroli ya Robins, na msukumo huo ukiangukia mahali pabaya unalisha lile duara kubwa la polepole badala ya kulififisha. Risasi inaamka usingizini. Mzunguko anao wa kutosha na kuzidi. Alichokosa ni breki ya kutuliza mtikisiko. Ndiyo maana msokoto mkali zaidi si dawa ya ugonjwa huu.

Umbo la kitako lina neno kubwa hapa. Ipo risasi mashuhuri ya mashindano, graini 168, iliyobuniwa kwa shabaha ya mita 300, na kwa mita 300 wachache wanaishinda. Kitako chake kimechongwa kwa nyuzi 13. Waliotaka kuipeleka mita 900 waliona inapoteza akili ikifika mlango wa sauti, wakahamia ya graini 175 yenye kitako cha nyuzi 9, ambayo inapita mlango huo kwa adabu. Kuna dawa nyingine isiyo na ujanja wowote: usipige umbali ambao risasi yako inaufika ikiwa imechoka.

Basi mtu anasema, niweke msokoto mkali kuliko wote niwe salama. Usiwe na haraka. Risasi ya milimita 5.69 inayozunguka mara 5,200 kwa sekunde, ngozi yake inavutwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi mara laki tatu ya mvutano wa dunia. Risasi nyepesi yenye gamba jembamba, iliyotengenezwa kwa mwendo wa taratibu, hupasuka angani. Unaona moshi wa kijivu katikati ya njia, na kwenye karatasi huoni kitu. Na kama kitovu cha uzito kimekosea katikati hata kwa unywele, mzunguko mkali ndio unaolitangaza kosa hilo.

Vijana, njia ya kuyaona haya yote bila mashine ya gharama ilipatikana zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wanne, Fowler, Gallop, Lock na Richmond, walipiga makombora ya inchi 3 kupitia safu ya kadi. Tundu la duara: kombora limenyooka. Tundu la yai: limeinama, na urefu wa yai unakuambia kwa nyuzi ngapi, na upande yai lilikoelekea unakuambia pua ilikuwa wapi kwenye duara lake. Kadi kwa kadi wakachora safari nzima. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1920, na mpaka leo anayetaka kujua risasi yake inafanya nini anaweza kuanza na karatasi na rula.

Kabla sijaketi kuna swali limeletwa kwa kikaratasi, limeandikwa kwa penseli: “Je, risasi inaweza kutulia kupita kiasi?” Swali zuri, na jibu ni ndiyo. Pia iliyolala haipendi kugeuzwa mwelekeo. Piga risasi mshazari, ikipanda na kuanza kuteremka, pua inatakiwa ifuate njia ilivyopinda. Kwa kawaida inafuata kwa kubaki nyuma kidogo, na kwa mifereji inayosokotwa kulia hubaki ikitazama kulia kidogo. Ndiyo sababu risasi ya masafa marefu huhamia kulia hata siku isiyo na upepo. Kwenye mita 900 ni zaidi ya sentimita 20. Ukielekeza mzinga karibu wima, kombora likifika kileleni haliwezi kugeuka kwa wakati. Linashikilia kule lilikotazama, na linarudi chini kitako mbele. Halijayumba hata kidogo. Limetulia kwa ukaidi.

Kuhusu karatasi yangu: wiki iliyofuata nilirudi kwenye uwanja uleule na bunduki ileile, na boksi la graini 40. Kumi kati ya kumi, matundu ya duara, yote kwenye karatasi. Fundi sikumpelekea mtutu. Lile boksi la graini 60 bado liko kabatini, limebaki na risasi arobaini. Mwenye mtutu wa 1 kwa 9 na vibali vyake vyote, tuonane mlangoni.

Asanteni.